Padre Edmund Walsh: Aliyewalisha Warusi na Kuwafundisha Wanadiplomasia



Katika mwezi huu wa Novemba, Mama Kanisa anapotualika kuwaombea marehemu wote, tumeona vema kuwaletea habari za padre mmoja ambaye jina lake hulitaja ulimwengu wa siasa mara nyingi kuliko linavyotajwa makanisani. Huyu ni Padre Edmund Aloysius Walsh, Myesuit wa Marekani, aliyefariki dunia tarehe 31 Oktoba 1956, mkesha wa Sherehe ya Watakatifu Wote. Shule ya mambo ya nje ya Chuo Kikuu cha Georgetown, jijini Washington, inaitwa kwa jina lake hadi leo. Rais Bill Clinton wa Marekani alihitimu hapo mwaka 1968, na Mfalme Felipe wa Sita wa Hispania alipata shahada yake ya uzamili hapo mwaka 1995. Mabalozi, maofisa wa jeshi na washauri wa serikali waliopitia madarasa yake ni wengi mno. Katika shule hiyo watu huchunguza silaha, mipaka, mikataba na nia za mataifa, kisha huwashauri wakubwa wa dunia juu ya vita na amani. Aliyeianzisha alikuwa padre wa miaka 33.

Tuseme wazi tangu mwanzo. Tunamheshimu sana padre huyu, na kuna jambo moja kubwa ambalo hatuwezi kukubaliana naye. Tutalifikia mahali pake.

Edmund Walsh alizaliwa Boston tarehe 10 Oktoba 1885, katika familia yenye asili ya Ireland. Mwaka 1902, akiwa bado kijana wa miaka 16, aliingia unovisi wa Shirika la Yesu. Wakubwa wake waliona akili yake na wakampeleka Ulaya kuendelea na masomo, lakini Vita Kuu ya Kwanza ilipolipuka mwaka 1914 ilimlazimu kurudi nyumbani. Alipewa daraja takatifu la upadre mwaka 1916, na miaka miwili baadaye akawa mkuu wa kitivo katika Chuo Kikuu cha Georgetown, chuo kikongwe kuliko vyote vya Kikatoliki nchini Marekani.

Marekani ilikuwa imekwisha kuingia vitani. Serikali ilianzisha mafunzo ya kijeshi ndani ya vyuo vikuu, na Padre Walsh akapewa kazi ya kuvikagua baadhi ya vyuo hivyo. Ndipo alipoona pengo. Taifa lake lilikuwa na vyuo vya kuwaandaa maofisa wa vita, lakini halikuwa na hata chuo kimoja cha kuwaandaa watu wa kusema na mataifa mengine kabla risasi haijalia. Balozi wa nyakati zile mara nyingi alikuwa tajiri aliyejuana na rais. Lugha ya nchi alikotumwa hakuijua, sheria za biashara ya baharini hakuzisoma, na historia ya wenyeji wake aliisikia kwa mara ya kwanza akiwa ndani ya meli.

Mtaalamu wa uchumi aitwaye Constantine McGuire alikuwa na mpango wa shule ya namna hiyo, na padre akaushika kwa mikono miwili. Mwaka 1919 Shule ya Utumishi wa Mambo ya Nje ilifunguliwa Georgetown. Wanafunzi walisoma sheria za mataifa, historia ya diplomasia, uchumi, usafirishaji wa meli na lugha. Serikali ya Marekani yenyewe ilingoja hadi mwaka 1924 kupitisha sheria ya kuunganisha utumishi wake wa nchi za nje na kuuweka chini ya mitihani ya ushindani. Padre alitangulia kwa miaka mitano.

Mengi yangeweza kuandikwa juu ya shule hiyo changa, lakini tunadhani moyo wa padre huyu haukuumbwa darasani. Uliumbwa Urusi.

Katika miaka ya 1921 na 1922 Urusi ilikumbwa na baa la njaa lililoua watu wapatao milioni tano. Ukame uliikuta nchi iliyokwisha kuchoshwa na vita, mapinduzi na unyang'anyi wa nafaka. Herbert Hoover, ambaye baadaye alikuwa rais wa Marekani, aliongoza shirika la misaada lililofikia kulisha zaidi ya watu milioni 10 kwa siku. Kiti Kitakatifu nacho hakikukaa kimya. Mwezi Machi 1922, wiki chache baada ya Papa Pius XI kuchaguliwa, wawakilishi wa Vatican na wa serikali ya Wabolsheviki walitia saini makubaliano ya kuruhusu wajumbe wa Papa kuingia nchini humo kuwalisha wenye njaa. Sharti lilikuwa gumu: wasihubiri. Wapike, wagawe, wanyamaze.

Padre Walsh ndiye aliyewekwa kuwa mkuu wa ujumbe huo wa Papa. Alikuwa na mapadre na mabruda wachache kutoka mashirika mbalimbali ya kitawa, nao walifungua vituo vya kulishia watu katika Moscow, Rostov, Krasnodar, Orenburg na rasi ya Crimea. Ujumbe huo ulipofikia kilele chake, watu wapatao 158,000 walikula kila siku kutoka majiko ya Papa. Wengi wao walikuwa watoto. Wengi hawakuwa Wakatoliki. Walikuwa Waorthodoksi, Waislamu, Wayahudi, na watoto wa watu waliokuwa wameliapia Kanisa kifo. Hakuna aliyeulizwa cheti cha ubatizo. Tunawaomba wasomaji wetu waikumbuke hesabu hiyo ya watu 158,000, kwa maana tutairudia.

Huku akisimamia magunia ya unga na makopo ya maziwa, padre alikuwa na kazi ya pili iliyokuwa nzito zaidi: kuwatetea Wakatoliki wa Urusi mbele ya serikali. Kwa amri ya Februari 1922 serikali ilianza kutwaa vyombo vitakatifu vya makanisa, kwa maelezo kwamba vitauzwa ili kununua chakula cha wenye njaa. Vatican ilijitolea kuvinunua vyombo hivyo, na serikali ikakataa. Mwezi Desemba wa mwaka huo huo makanisa ya Kikatoliki ya Petrograd yalifungwa.

Machi 1923 ilifika kesi ya Moscow. Askofu Mkuu Jan Cieplak, Monsinyori Konstanty Budkiewicz, Eksarki Leonid Feodorov wa Wakatoliki wa madhehebu ya Kibizantini, pamoja na mapadre wengine, walifikishwa mahakamani. Walishtakiwa kwa kupinga sheria za serikali juu ya mali za Kanisa na kwa kuwafundisha watoto katekisimu. Mwendesha mashtaka alikuwa Nikolai Krylenko, mtu aliyejulikana kwa ukali wa ulimi, ambaye naye alikuja kuuawa na serikali hiyo hiyo mwaka 1938. Padre Walsh alikaa ndani ya chumba cha mahakama akisikiliza. Hukumu ilitolewa Jumapili ya Matawi ikielekea usiku wa manane: kifo kwa Askofu Mkuu na kwa Monsinyori, kifungo kwa wengine.

Padre alihangaika huku na huko kuwaombea. Serikali nyingi nazo ziliomba. Adhabu ya Askofu Mkuu Cieplak ilipunguzwa kuwa kifungo cha miaka kumi, na mwaka uliofuata alitolewa nchini. Monsinyori Budkiewicz alipigwa risasi usiku wa kuamkia Pasaka. Eksarki Feodorov aliteseka kifungoni na uhamishoni hadi akafa, na Kanisa lilimtangaza Mwenyeheri mwaka 2001.

Ndugu zetu wapadre wanajua Pasaka ilivyo: mshumaa, maji, vijana wa ubatizo wakingoja kwa nguo nyeupe. Tumejaribu kumfikiria Padre Walsh katika Pasaka ile ya Aprili 1923. Kesho yake alipaswa kwenda tena ofisini kwa watu wale wale kuomba kibali cha behewa la unga, kwa sababu watoto wa Orenburg walikuwa bado na njaa. Akaenda. Kazi iliendelea kwa miezi mingine, hadi alipoondoka Urusi mwishoni mwa mwaka huo.

Kabla hajaondoka alifanikiwa katika jambo moja ambalo Wakatoliki wa Poland hawajalisahau. Masalia ya mfiadini Andrea Bobola, Myesuit aliyeuawa mwaka 1657, yalikuwa yamechukuliwa na Wabolsheviki na kuwekwa katika jumba la maonyesho ya afya jijini Moscow, kama kitu cha kushangaliwa. Papa aliyaomba. Serikali ilikubali kuyaachia kwa kuzingatia misaada ya chakula, na mwaka 1923 Padre Walsh na msaidizi wake, Padre Louis Gallagher, waliyapokea na kuyafikisha Roma. Mwaka 1938 Papa Pius XI alimtangaza Bobola kuwa mtakatifu, na mwaka huo huo masalia hayo yakapelekwa Warsaw.

Tangu hapo padre akawa mtu wa kutumwa kila mahali palipoungua. Mwaka 1926 Papa aliunda shirika la kuyasaidia Makanisa ya Mashariki, linalojulikana kwa kifupi kama CNEWA, na Padre Walsh akawa rais wake wa kwanza. Shirika hilo lingali linafanya kazi, hata kwa jirani zetu wa Ethiopia na Eritrea. Mwaka 1931 alikwenda Baghdad kuzungumza na serikali ya Iraki, na mwaka uliofuata Wayesuit wakafungua huko shule ya wavulana iliyosomesha Wakristo na Waislamu pamoja hadi walipofukuzwa mwishoni mwa miaka ya 1960.

Mwaka 1929 alipelekwa Mexico, ambako kwa miaka mitatu hakukuwa na ibada ya hadhara na wakulima Wakatoliki walikuwa wameshika silaha dhidi ya serikali iliyowatesa. Alikuwa mmojawapo wa waliosuka makubaliano ya mwezi Juni yaliyofungua tena milango ya makanisa. Kengele zililia, na watu walilia machozi ya furaha. Lakini sheria za mateso hazikufutwa, na wengi kati ya wapiganaji walioweka silaha chini kwa kulitii Kanisa waliuawa baadaye. Amani iliyopatikana mezani iliwagharimu watu ambao hawakuwa mezani. Wanaosoma diplomasia leo katika shule ya Walsh wangefanya vema kuanza na sura hiyo.

Nyumbani Washington alifundisha na kutoa mihadhara ya hadhara juu ya Urusi mwaka baada ya mwaka, kuanzia 1924. Ukumbi ulijaa wabunge, majaji, maofisa na watu wa kawaida. Alipinga kwa nguvu zote Marekani kuitambua serikali ya Kisovyeti, na Rais Roosevelt alipoamua kuitambua mwaka 1933, alilipokea jambo hilo kwa uchungu na kwa utii wa raia.

Sasa tufike mwaka 1945. Vita Kuu ya Pili imekwisha, Ujerumani ni vifusi, na Marekani imemteua Jaji Robert Jackson kuwa mwendesha mashtaka wake katika mahakama ya Nuremberg. Jaji huyo alimwita Padre Walsh kuwa mshauri. Kati ya kazi alizopewa, mmoja ndio uliomkaa rohoni: kumhoji Profesa Karl Haushofer.

Haushofer alikuwa jenerali mstaafu na profesa wa jiografia katika Chuo Kikuu cha Munich. Alikuwa bingwa wa elimu iliyoitwa jiopolitiki, yaani elimu ya namna ardhi, bahari, malighafi na wingi wa watu vinavyoongoza nguvu za mataifa. Mwanafunzi wake mpendwa alikuwa Rudolf Hess. Hess na Hitler walipokuwa kifungoni Landsberg mwaka 1924, profesa aliwatembelea akiwa na vitabu mkononi, na wazo la kwamba taifa kubwa lina haki ya kujipanulia nafasi ya kuishi likapata lugha ya kitaalamu. Wakati wa vita magazeti ya Marekani yalimkuza Haushofer yakamfanya kuwa ubongo wa siri nyuma ya Hitler, mwenye taasisi ya watafiti elfu moja. Hilo halikuwa kweli. Alikuwa profesa aliyependa kusikilizwa na wakubwa.

Padre alimkuta mzee, mgonjwa, aliyevunjika. Mke wake, Martha, alikuwa na damu ya Kiyahudi. Mwana wao Albrecht, naye mtaalamu wa jiopolitiki, alijiunga na waliompinga Hitler, na askari wa SS walimpiga risasi jijini Berlin mwezi Aprili 1945, siku chache kabla vita haijaisha. Mtaalamu aliyewapa watawala lugha yao alizikiwa mwana na watawala hao hao. Padre alimtaka aandike maelezo ya elimu yake na makosa yake, naye akaandika, akijitetea hapa na kukiri pale. Hakushtakiwa. Usiku mmoja wa Machi 1946 yeye na mkewe walijiua pamoja katika shamba lao huko Bavaria. Padre Walsh aliyaeleza mambo hayo katika kitabu alichokitoa mwaka 1948, na anayekisoma huona kwamba habari ile haikumwachia usingizi.

Tunadhani tunaelewa kwa nini. Alikuwa ameiona sura ya kazi yake mwenyewe ikiwa imepotoka. Naye alikuwa mwalimu wa chuo kikuu. Naye alichora ramani ubaoni, akapima nguvu za mataifa na kusikilizwa na wakubwa. Elimu ya usalama wa taifa ni kama kisu cha jikoni: nyumba haiendi bila hicho, na mtoto haachiwi nacho. Padre aliamini kwamba jibu ni kuwapa wanafunzi dhamiri pamoja na ramani. Kwa hiyo shuleni kwake falsafa na maadili vilikwenda sambamba na uchumi. Mwaka 1949, pamoja na Leon Dostert, mtu aliyepanga ukalimani wa papo kwa papo katika kesi za Nuremberg, alianzisha Georgetown taasisi ya lugha. Waliosikia kwa masikio yao mashahidi wakisemewa katika lugha nne kwa wakati mmoja walijua kwamba hata haki yenyewe huhitaji mkalimani.

Lakini miaka ile ilikuwa ya hofu. Agosti 1949 Umoja wa Kisovyeti ulilipua bomu lake la kwanza la atomiki. Oktoba, Wakomunisti walishika China. Juni 1950 vita ikaanza Korea, na kabla ya mwaka kwisha majeshi ya China yalikuwa yameingia. Hata jina la padre liliingizwa katika habari za Seneta Joseph McCarthy, yule aliyetikisa Marekani kwa kuwasaka Wakomunisti kila ofisi. Walikula pamoja chakula cha jioni tarehe 7 Januari 1950, na mwandishi mmoja wa magazeti alidai kwamba ni padre aliyempa seneta wazo hilo. Wanahistoria wamebishana sana juu ya madai hayo, nasi hatutaongeza kuni.

Jambo zito zaidi aliliandika mwenyewe kwa kalamu yake. Mwezi Desemba 1950, na tena katika kitabu chake cha mwaka 1951, Padre Walsh alifundisha kwamba kama serikali ina uhakika wa kimaadili kuwa adui yuko tayari kuishambulia kwa bomu la atomiki, na hakuna njia nyingine ya kujiokoa, basi inaweza kihalali kutangulia kushambulia. Hakushangilia vita. Aliweka masharti, kama tulivyofundishwa sote seminarini: mamlaka halali, sababu ya haki, nia njema, uwiano kati ya madhara na mema yanayotarajiwa. Wamarekani walikuwa bado na kidonda cha Pearl Harbor, na hoja yake iliwaingia: kwa nini mtu angoje kupigwa usingizini?

Ndipo tunapoachana naye, kwa heshima.

Katika seminari masharti ya vita ya haki tuliyakariri kwa ajili ya mtihani, na tukiri kwamba wengi wetu tuliyaandika kwenye karatasi bila kutetemeka. Yanaonekana kama kufuli nne mlangoni. Lakini kufuli zote za Padre Walsh zilining'inia kwenye msumari mmoja, nao ni ule uhakika juu ya nia ya adui. Uhakika huo huletwa na nani? Huletwa na wapelelezi, na wachunguzi, na wataalamu wa vituo kama alivyovianzisha yeye, watu wenye hofu, wenye taarifa nusu, wanaotaka kusikilizwa. Haushofer naye alikuwa na uhakika.

Tena bomu lenyewe lilikuwa limekwisha kuonyesha tabia yake. Tarehe 9 Agosti 1945 lililipuka Nagasaki juu ya kitongoji cha Urakami, penye jumuiya ya Wakatoliki kubwa kuliko zote Japani, watoto wa watoto wa wale walioficha imani kwa karne mbili na nusu. Wakatoliki wapatao 8,500 kati ya 12,000 wa hapo walikufa. Ndani ya kanisa kuu lao kulikuwa na waamini waliokuwa wakijiandaa kuungama kwa ajili ya Sherehe ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria. Uwiano unapimwaje hapo?

Na sasa turudi kwenye ile hesabu. Mtoto aliyekuwa na miaka saba mwaka 1922, akipanga foleni na kibakuli chake mbele ya jiko la Papa huko Orenburg, alikuwa na miaka 35 mwaka 1950. Kama alinusurika njaa, na kama alinusurika vita, basi alikuwa baba au mama wa watoto, akiishi katika mmojawapo wa miji ile ambayo shambulio la kutangulia lingeigeuza majivu. Padre aliyemlisha aliandika, miaka 28 baadaye, hoja ambayo ingeweza kumuua, akiwa na dhamiri safi kabisa. Hatusemi hivi kwa kumhukumu. Yeye alikaa katika mahakama ile ya Moscow, sisi hatukukaa. Aliyemwona Monsinyori Budkiewicz akihukumiwa ana haki ya kuiogopa serikali iliyomhukumu. Ila hofu hata ya mtu mwema, ikipewa daftari na hesabu, huweza kufika mahali ambapo upendo wake mwenyewe usingefika.

Kanisa liliendelea kutafakari. Mwaka 1954 Papa Pius XII, akizungumza na madaktari wa dunia, alifundisha kwamba silaha ambayo madhara yake yanatoka nje ya uwezo wa binadamu kuyazuia lazima ikataliwe kuwa ni kinyume cha maadili. Mwaka 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo, ulilaani kila tendo la vita linalolenga kuangamiza miji mizima pamoja na wakazi wake. Fundisho hilo leo limo katika Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2314.

Na kabla ya Mtaguso kusema, jaribu lenyewe lilifika. Oktoba 1962 makombora ya Kisovyeti yalionekana Kuba. Katika vikao vya siri vya Washington baadhi ya washauri walitaka Marekani itangulie kushambulia. Aliyepinga kwa nguvu alikuwa Robert Kennedy, mdogo wake rais, Mkatoliki, na mfano alioutumia ulikuwa ule ule wa Pearl Harbor, ila ameugeuza: hakutaka kaka yake akumbukwe kama mtu aliyefanya kwa Kuba yale waliyofanyiwa Wamarekani asubuhi ile. Rais John Kennedy, Mkatoliki wa kwanza kushika urais wa Marekani, alichagua kuizuia bahari badala ya kupiga, na makombora yaliondolewa bila risasi za vita kuu. Miezi michache baadaye, Aprili 1963, Papa Yohane XXIII alitoa waraka wake juu ya amani duniani.

Padre Walsh hakuyaona hayo. Mwishoni mwa mwaka 1952 alipatwa na kiharusi. Mtu aliyekuwa amejaza kumbi kwa miaka karibu 30 aliishia katika ukimya wa mgonjwa, na hivyo alikaa miaka minne hadi Bwana alipomwita, akiwa na miaka 71. Mwaka 1958 Rais Eisenhower alihudhuria uzinduzi wa jengo la shule lenye jina lake. Mwaka 1962, ule ule wa Kuba, Georgetown ilianzisha kituo cha utafiti wa mikakati na mambo ya kimataifa, kilichoasisiwa na David Abshire pamoja na Admirali Arleigh Burke, nacho kilikua hadi kikajitenga na chuo mwaka 1987. Shule yenyewe ilianza mwaka 1977 programu maalumu ya masomo ya usalama, na hadi leo vijana kutoka mataifa mengi huketi hapo kujifunza kupima makombora, mikataba na nia za majirani.

Novemba hii, katika parokia nyingi, waamini huandika majina ya marehemu wao kwenye karatasi, zikawekwa ndani ya bahasha na kupelekwa altareni. Sisi tumeandika yetu. Chini ya majina ya wazazi na walimu wetu tumeongeza jina la Padre Edmund Walsh, na la Monsinyori Konstanty Budkiewicz, na ya Karl na Martha Haushofer.